Karatasi ya Wenzako

Niseme mapema, ili mtu asije akanihurumia: sikulazimishwa na yeyote. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mbao, nimeshiba, kalamu mkononi, nikaandika uongo kwa mwandiko mzuri.

Watu wa nje hudhani kinachowashinda wengi kwenye kozi ya kuingia kikosi maalumu ni mbio au mzigo wa kilo thelathini mgongoni. Mbio huzoeleka. Kinachotisha ni karatasi. Kila Jumamosi watu wanane wa timu moja hukalishwa mbalimbali, na kila mmoja huwapanga wenzake saba. Wa kwanza ni yule ambaye ungeenda naye vitani hata kesho, wa saba ni yule ambaye ungemwacha nyumbani, na kwa huyo wa saba lazima uandike sababu. Jina lako huweki. Wakufunzi husema wao humwona askari akiwa amesimama wima tu, wenzake ndio wanaomwona akiwa amechoka. Tuliiita karatasi ya wenzako.

Kwenye timu yetu kulikuwa na jamaa tuliyemwita Taratibu. Mvivu hakuwa. Alikuwa mtu wa kukaza kamba za buti mara ya pili wakati sisi tumeshaondoka, halafu anatukuta njiani na kutupita bila kusema kitu. Wiki ya sita tuliwekwa wanne katika shimo moja, tuchungulie barabara kwa siku mbili. Kazi yenyewe inachosha kuliko vita: unalala kifudifudi chini ya wavu na majani, unaandika kila gari linalopita na saa yake. Siku ya pili adhuhuri, zamu ikiwa yangu na wale wawili wengine wakikoroma nyuma, nikasinzia. Taratibu ndiye aliyeniamsha, kwa kunifinya sikio.

"Umelala muda gani?"

"Sijui."

"Lete daftari. Pumzika, nitamalizia mimi."

Hakusema zaidi ya hapo. Kumbe katika muda ule ule wakufunzi walikuwa wamepitisha lori lao la mtego, na kwenye daftari letu halikuwemo. Jioni tukapangwa mstari, tukaulizwa nani alilala. Kimya. Taratibu alikuwa ubavuni kwangu akitazama mbele, na kimya chake ndicho kilichonivuruga akili. Badala ya kushukuru, nikaanza kupiga hesabu: anayejua ni yeye peke yake, kesho ni Jumamosi, na ningekuwa yeye ningeandika. Mtu humpima mwenzake kwa kibaba chake mwenyewe.

Basi nikamuwahi. Wa saba: Taratibu. Sababu: alisinzia akiwa zamu shimoni, na alipoulizwa akanyamaza.

Wakufunzi walikuwa bado wanamtafuta aliyelala, na karatasi yangu ikawapa jina. Anayetolewa haambiwi sababu. Jumapili asubuhi Taratibu aliitwa ofisini, akarudi kuchukua begi lake. Alinipa mkono. "Nilitaka tufike wote," akasema. "Basi fika wewe."

Nikafika. Na kama vile hilo halikutosha, mwaka uliofuata nikamwoa dada yake.

Taratibu mwenyewe, baada ya kutolewa, alisomea kufunga miavuli ya kurukia kutoka kwenye ndege, akapangiwa kambi yetu. Anasimama mbele ya meza ndefu kama barabara, anakunja kitambaa, ananyoosha kamba moja moja, anamaliza kwa kuweka saini kwenye kadi ya mwavuli. Kwa miaka minane nimeruka nikiwa na saini yake mgongoni, na hata siku moja mwavuli haujanigomea. Mimi nami nikawa shemeji mwema kupita kiasi. Nimempeleka mama yao hospitali, nimepaka rangi nyumba ya Taratibu, nimewabeba watoto wake hadi mabega yakauma. Panya huuma na kupuliza. Mimi niliuma mara moja, ila kupuliza sijamaliza.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mke wangu husema kila kaka yake anapotajwa mezani. "Kaka alifitiniwa na mtu wa karibu." Nami huitikia, "Kweli kabisa, mke wangu," huku nikiulizia chumvi.

Mwaka huu ikatoka amri mpya: aliyetolewa anaweza kujaribu tena mara moja, mradi hajatimiza miaka thelathini na miwili. Taratibu alikuwa amebakiza miezi miwili. Akikosa, basi tena, atazeekea kwenye ile meza. Akaanza kukimbia na mfuko wa mchanga kabla ya kazi na baada ya kazi, mpaka mke wangu akasema kaka yake anacheka usingizini, kama alivyosimuliwa na wifi yake.

Siku hizi mimi ni mkufunzi. Siku ya kuchuja majalada tulikaa watatu: mkuu wa kozi, daktari na mimi. Mkuu alilifungua jalada la Taratibu, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Niliitambua kabla hajaikunjua. Ukutani nyuma yake palikuwa na orodha ya zamu za wiki ile, niliyoiandika mimi, herufi zenye mikia ile ile. Angegeuza shingo tu.

"Miguu anayo, mapafu anayo," daktari akasema. "Mimi sina neno naye."

"Mimi ninalo." Mkuu akasoma yale maneno yangu kwa sauti. "Wewe ulikuwa timu hiyo. Ni shemeji yako, kwa hiyo nitakusikiliza kwa sikio moja. Ilikuwaje?"

Nilikuwa nimejiandaa tangu amri ilipotoka. Nilitakiwa kusema "nililala mimi, niliandika mimi," basi. Nimeruka kutoka kwenye ndege mara mia mbili na kitu. Maneno manne yakanishinda.

"Afande, nilikuwa naye shimoni. Sikumwona akilala."

"Kwa hiyo aliyeandika hapa ni mwongo?"

"Huenda, Afande."

"Nani?"

Daktari aliacha kuandika. Nikatazama meza.

"Sijui, Afande."

Mkuu aliikunja karatasi kwa mikunjo yake ile ile. "Karatasi ya wenzake siwezi kuifuta kwa 'huenda' ya shemeji. Angekuja mwenyewe aliyeandika, akasema nilidanganya, leo hii ningempitisha huyu mtu." Akagonga muhuri. Tukaendelea na jalada lililofuata, nami nikachangia vizuri tu, hadi nikasifiwa kwa umakini.

Alasiri nilimfuata Taratibu. Alikuwa kazini, mwavuli umelala mezani nusu umekunjwa. Habari zilikuwa zimeshamfikia; makarani hawana siri. Macho yake yalikuwa mekundu lakini mikono ilikuwa inafanya kazi.

"Nimesikia ulinitetea, shem."

"Nilisema kidogo tu."

"Mbele ya mkuu? Wengine wangekaa kimya walinde vyeo vyao." Akanyoosha kamba, akaiachia, akanigeukia. "Kuna jambo linanikaba. Naomba nilitoe."

"Lipi?"

"Miaka yote hii nilihisi ni wewe. Kwa sababu ya ule usingizi wa shimoni. Niliona labda uliogopa nitakusema, ukaniwahi. Unakuja kwangu, unakula na watoto wangu, na mimi moyoni nakuhesabu msaliti. Hata dada nilitaka kumwambia, nikajizuia." Akafuta uso kwa mkono wa shati. "Kumbe ulikuwa upande wangu. Nimejiona mtu mbaya sana leo. Nisamehe, shemeji."

Nafasi ilikuwa hiyo, mkuu wa kozi alikuwa bado ofisini, hatua mia moja kutoka pale. Taratibu alikuwa amenyoosha mkono, anasubiri.

Niliupokea kwa mikono miwili.

"Yamekwisha, shem," nikasema. "Nimekusamehe."