Siku Kassimu Alipomwoza Malaika

Kassimu aliuza vipuri vya baiskeli na pikipiki sokoni Kasongo, mashariki mwa Kongo, na watu walimjua kwa maneno yake kabla ya kulijua duka lake. Aliwaita wapita njia kwa majina ya baba zao, akawauliza habari za minyororo na tairi zao kama mtu anayeuliza hali ya mgonjwa. Mke wake, Mwanvua, alikuwa mtu wa maneno machache. Alizoea kusema kwamba nyumbani kwao mmoja alikuwa anasema kwa niaba ya wawili.

Kidonda kilianza chini ya ulimi, upande wa kushoto. Kassimu alidhani ni jino. Alipokwenda Kabambare kupeleka bidhaa, alimpata mtu anayeng'oa meno, akang'olewa gego. Pengo halikufunga. Mwanvua alimwambia aende lopitali akapimwe, naye akajibu kwamba ataenda mvua zikipungua. Mvua zilipungua, naye akaenda tena Kabambare. Sigara alivuta tangu ujana, na hata kinywa kilipoanza kumuuma hakuziacha. Alizihamishia upande wa kulia.

Siku alipokubali kupimwa, shingoni mlikuwa na uvimbe kama yai na ulimi ulikuwa umekuwa mzito. Daktari alikata kipande kidogo cha kidonda, kikapelekwa Bukavu kuchunguzwa. Jibu liliporudi, aliwaita mume na mke pamoja, akafunga mlango.

"Hii ni kansa ya kinywa," alisema. "Imeshuka mpaka kwenye shingo. Hata mukienda Bukavu ao inje ya inchi, matibabu itapunguza tu. Haitaponyesha."

"Na safari?" Kassimu aliuliza. Wakati huo maneno yalikuwa bado yanatoka, ingawa yalikuwa yamejaa mate.

"Safari itakuchokesha sana, papa."

Kassimu alimtazama mke wake. Mwanvua alimwachia, kwa sababu aliona kwamba hilo lilikuwa neno la mumewe.

"Basi nibakie kwetu," Kassimu alisema.

Daktari aliwakabidhi kwa Falonne, muuguzi aliyekuwa anakaa karibu nao na kupita kuwaona baada ya kazi. Falonne alimfundisha Mwanvua kuchemsha maji, kutia chumvi kidogo na soda ya keki, kuyaacha yapoe, kisha mgonjwa ayasukutue taratibu asubuhi na kila baada ya kula. Mswaki wakauacha. Bugali nayo ikaondoka. Badala yake Mwanvua alipika uji wa mchele wenye karanga zilizosagwa laini, akachuja mchuzi wa samaki, akaponda parachichi na maziwa. Chochote cha moto au chenye pilipili kilimtoa Kassimu machozi, kwa hiyo kila chakula kilingojewa kipoe.

Mwanzoni Mwanvua alikula peke yake jikoni, mlango umeegeshwa, ili harufu ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, na samaki isimtamanishe mumewe. Kassimu alitambua. Ulimi wake ulikuwa umeshakataa kazi, na tangu hapo alikuwa anaandika kwenye simu na kumwonyesha mtu. Aliandika: "Kula hapa. Napenda kuona mutu anakula."

Mwanvua akaleta sahani yake, akaketi kwenye kigoda kando ya kitanda, akakata bugali. Kassimu alimtazama mpaka akamaliza. Kisha akaandika: "Chumvi iko kidogo." Alikuwa ameijua kwa kumtazama mkewe usoni, na hakukosea.

Maumivu yalipozidi, Falonne alileta morfini, dawa ya maji ya kunywa, ambayo lopitali ilikuwa inaipata kwa shida. Jirani mmoja alimwambia Mwanvua kwamba dawa hiyo ndiyo inayowamaliza watu. Mwanvua alimuuliza Falonne waziwazi, mbele ya mgonjwa.

"Kinachomumaliza ni ugonjwa," Falonne alijibu. "Hii dawa inamuachia nafasi ya kulala. Itamufunga tumbo, kwa hiyo umupe papai ya kuponda. Na usingojee mpaka aumwe. Umupe kwa saa yake."

Kassimu alilala. Alipoamka uso wake ulikuwa umelegea kidogo, na Mwanvua hakuuliza tena kuhusu dawa.

Jambo ambalo dawa haikuligusa lilikuwa harufu. Kidonda kilikuwa kimetoboa shavu, na harufu yake ilifika barazani. Wageni waliokuwa wanakuja kila siku wakawa wanasalimia kutoka uani, kisha wakawa wanatuma salamu. Kassimu alijifunika mdomo kwa taulo hata alipokuwa peke yake. Amuri, kaka yake mkubwa, hakukosa kuja. Alileta makala, yaani mkaa wa kupikia, mchele, samaki kutoka Nyangwe. Lakini alisimama nje ya dirisha, akaita, "Mudogo, uko aje?" na kwa kuwa mdogo wake hakuwa na sauti ya kujibu, alingoja kidogo, akaenda zake.

Katika hali hiyo ndipo ilipokaribia ndoa ya Malaika, binti yao wa pekee. Mchumba wake, Yassine, alikuwa mwalimu wa shule huko Kabambare, na wazee walikuwa wamekwisha kukubaliana kabla ya ugonjwa kujulikana. Malaika alitaka kuahirisha.

"Siwezi kuvaa vizuri na papa iko vile," alimwambia mama yake.

Mwanvua alimwambia akaseme mwenyewe. Malaika akaingia, akapiga magoti kando ya kitanda, akasema. Kassimu aliandika kwa muda mrefu, akafuta, akaandika tena. Mwishowe alimpa simu. Ilikuwa imeandikwa: "Mukiahirisha, mutakuwa munangoja nife. Sitaki kungojewa."

Malaika akasoma, akaweka kichwa chake juu ya mkono wa baba yake. Siku ikabaki ileile.

Lililobaki lilikuwa nani atamwoza. Baba ndiye walii, msimamizi wa ndoa ya binti yake. Amuri alisema kutoka mlangoni, bila kuvuka kizingiti, kwamba yeye angechukua kazi hiyo, kwamba inaruhusiwa, kwamba mdogo wake angebaki chumbani apumzike na wageni wa Kabambare wasione vibaya. Alisema kwa upole. Kassimu aliigeuza simu yake kifudifudi kifuani, na Amuri akachukua hiyo kuwa ndiyo.

Alipoondoka, Mwanvua aliketi.

"Ulikubali?" aliuliza.

Kassimu akaandika: "Watafunika pua."

"Watafunika," Mwanvua alisema. "Hilo siwezi kukudanganya. Lakini mimi nakuuliza wewe, unataka nini?"

Kassimu aliivuta simu. Kisha akaandika: "Kuoza mutoto wangu."

Mwanvua alifunga kitambaa chake kichwani, akaenda kwa shehe wa msikiti wao. Hakuwa amezoea kwenda mahali kama hapo kusema jambo la nyumba yake. Kwa miaka yote hiyo Kassimu ndiye alikuwa anakwenda. Alimweleza bila kuzunguka. Shehe alisikiliza mpaka mwisho.

"Mutu asiyeweza kusema, maandishi yake na ishara yake inayofahamika inashika nafasi ya maneno," shehe alisema. "Kama akili yake iko timamu, yeye ndiye walii. Akipenda mwenyewe kumupa mwingine, sawa. Lakini asilazimishwe."

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa Amuri, akamkuta akianika mpunga. Alimwambia alichosema shehe. Amuri aliendelea kutandaza mpunga kwa kiganja.

"Shemeji, mimi sikatazi," alisema. "Lakini nani atakaa kando yake mbele ya watu? Ni mimi. Na mimi nikimuona vile, sitaweza kusimama."

"Basi utaketi," Mwanvua alisema. "Yeye pia ataketi. Kuja kesho asubuhi, wakati wa kumuosha kinywa. Usilete kitu."

Amuri alikuja. Alisimama kizingitini kama kawaida yake, na Mwanvua, badala ya kumsalimia kwa kirefu, alimpa beseni alishike. Mtu mwenye beseni mikononi hawezi kurudi nyuma kirahisi. Akaingia. Kassimu aliondoa taulo. Amuri aliona shavu na kilichokuwa ndani yake, lakini hakulitua beseni. Mwanvua alimimina maji ya chumvi, Kassimu akainamisha kichwa, maji yakapita na damu kidogo na uchafu, yakaanguka kwenye beseni lililoshikwa na kaka yake. Walifanya hivyo mpaka maji yakatoka safi.

Kassimu alijipangusa, akachukua simu. Amuri alisogea kusoma. Ilikuwa imeandikwa, kama mdogo anavyomwita kaka yake mkubwa: "Yaya, umezeeka."

Amuri alicheka. Kicheko kilipokwisha alikuwa analia, amekaa ukingoni mwa kitanda, beseni likiwa bado mapajani. Mwanvua alimpokea beseni, akatoka nalo nje, akawaacha.

Falonne alipoambiwa kuhusu ndoa, alikuja na vidonge vya metronidazole, dawa ambayo watu wengi Kasongo wanaijua kwa tumbo la kuhara. Aliviponda mpaka vikawa unga, akamwonyesha Mwanvua namna ya kuutandaza juu ya kidonda na kuufunika kwa kitambaa safi.

"Harufu inatoka kwa vidudu vya ndani ya kidonda," alieleza. "Hii itavipunguza. Haitamaliza yote. Na weka makala kavu kwenye sahani, chini ya kitanda, inavuta harufu."

Kwa siku chache harufu ilipungua kwa kweli. Haikwisha. Lakini mtu aliweza kuketi chumbani na kuzungumza bila kufikiria kutoka, na majirani wawili watatu wakarudi kuketi.

Watu wa Kabambare walifika na pikipiki, wamejaa matope mpaka magotini, kwa sababu barabara ilikuwa imekatika mahali na walisukuma. Walioga, wakala, na siku iliyofuata, baada ya sala ya adhuhuri, wanaume walikusanyika sebuleni. Kassimu alikuwa amepewa morfini yake kwa saa yake. Alivaa kanzu ambayo sasa ilimpwaya, na kofia, na kitambaa cheupe kilichofunika mdomo na shavu. Amuri alimshika upande mmoja, Mwanvua upande mwingine mpaka mlangoni, kisha Amuri akaendelea naye peke yake. Wakaketi pamoja kwenye mkeka, bega kwa bega.

Mwanvua na wanawake walikuwa chumba cha pili, pazia limefunguliwa kidogo. Aliona mzee mmoja wa upande wa mchumba akipeleka mkono puani, kisha akijifanya anakuna. Yassine hakufanya hivyo. Alisogea mbele mpaka magoti yake yakagusana na ya Kassimu, akatoa mkono, na Kassimu akaushika.

Shehe alisoma hotuba. Kisha akapokea simu ya Kassimu kutoka kwa Amuri, akasoma kwa sauti: "Yassine, nimekuoza binti yangu Malaika kwa mahari tuliyokubaliana." Akamgeukia Kassimu. "Haya ni maneno yako?"

Kassimu alitikisa kichwa kukubali. Pengine hiyo ingetosha, lakini yeye hakuridhika. Alimkaza Yassine mkono, akavuta pumzi, akajaribu kusema. Ilitoka sauti nene, isiyo na herufi, ndefu kuliko neno moja. Hakuna aliyeweza kuandika alichosema, lakini wote sebuleni walijua kwamba ni jina la binti yake. Shehe alingoja mpaka akanyamaza.

"Mashahidi wamesikia," shehe alisema.

"Nimekubali kumuoa," Yassine alisema.

Nyuma ya pazia wanawake walipiga vigelegele. Malaika hakupiga wala hakulia. Alimshika mama yake kifundo cha mkono, akakiminya mpaka kikauma, na Mwanvua akamwacha.

Kassimu alirudishwa kitandani kabla ya chakula. Kitambaa kilikuwa kimelowa damu kidogo, na Mwanvua akakibadilisha. Aliandika kwamba anataka mlango ubaki wazi asikie watu wakila. Wakauacha wazi. Alilala kelele zikiwa bado zinaendelea.

Aliishi wiki kadhaa baada ya hapo. Amuri alikuja kila asubuhi, akafanya kazi ya maji na beseni, na siku Mwanvua alipokuwa na homa aliifanya peke yake, ingawa alimwaga nusu ya maji kwenye godoro. Mwishoni Kassimu hakuweza kumeza hata maji. Falonne aliwaambia wasimlazimishe, wamlowanishe midomo tu kwa pamba. Simu haikutumika tena. Alisema kwa vidole, akiwashika mikono. Alifariki mchana mmoja, mkewe akiwa anamlowanisha midomo. Pumzi zilikuwa zimeachana sana, na Mwanvua alingoja nyingine kwa muda kabla ya kufahamu kwamba haiji.

Amuri aliomba awe miongoni mwa waliomwosha. Wakamzika siku ileile.

Mwanvua alikaa eda nyumbani. Malaika na Yassine walikuwa wamekwenda Kabambare, na mtandao ulipopatikana walipiga simu. Wanawake walikuja kumpa pole, na sasa ni yeye aliyekuwa anajibu, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kujibu. Mmoja wao, Julienne, muuza chumvi sokoni, alibaki nyuma wenzake walipoondoka. Alisema ana kidonda ndani ya shavu, hakiponi, na kuna mtu amemwambia ang'oe jino.

"Fungua," Mwanvua alisema.

Julienne akafungua kinywa karibu na dirisha. Mwanvua alitazama.

"Mimi si munganga, sijui ni nini," alisema. "Lakini using'oe jino. Enda kesho lopitali. Amuri atakupeleka na pikipiki, umuulize Falonne."

Alikwenda. Walimpima, na jibu liliporudi halikuwa kansa. Lilikuwa jino lililovunjika, lenye ncha kali, lililokuwa likimkwaruza shavu. Wakalisugua mpaka likawa laini, kidonda kikapona. Alikuja mwenyewe kumwambia Mwanvua, na mfuko wa chumvi mkononi, akaketi mpaka jioni.