Uzito Uliokataliwa

Mwandishi wa programu alikuwa akimenya viazi wifi yake alipoingia, bado kavaa sare ya uuguzi, akajitupa kwenye kiti bila hata kuvua viatu.

"Wifi, mfumo wenu wa kompyuta pale hospitali leo umenitoa jasho," alisema. "Mtoto kazaliwa kabla ya wakati, gramu mia tisa. Nikiandika uzito, unaniambia 'Taarifa si sahihi.' Narudia, jibu ni lile lile. Nikadhani nimekosea nukta. Mwisho nikaandika kilo moja na nusu, ukakubali."

"Ukaandika uongo?"

"Nilitaka unifungulie ukurasa wa dawa. Ukanipa kipimo cha mtoto mkubwa. Nikashtuka, nikapiga hesabu mwenyewe. Je, angekuwa mwenzangu aliyechoka?"

Mwandishi aliweka kisu chini. Alitaka kujitetea kwamba kikomo cha chini cha kilo moja alipewa na wakubwa wa kazini. Lakini ile sentensi ya 'Taarifa si sahihi' aliiandika yeye, siku aliyokuwa na haraka, akaibandika kila mahali.

Kesho yake kazini alifungua sehemu inayopokea uzito. Aliyeacha nafasi wazi, aliyeandika namba chini ya sifuri, na aliyeandika namba nzuri kwenye faili la mgonjwa lililokwisha kufungwa, wote walifukuzwa kwa maneno yale yale.

Kiongozi wa timu alichungulia. "Kosa si kosa tu? Muhimu ni kwamba namba mbovu haiingii."

"Imeingia jana," alijibu. "Na tulioilazimisha ni sisi."

Akaanza kuyatenganisha makosa hayo. Nafasi tupu ikapata ujumbe wake, wa kusema hakuna kilichoandikwa. Namba isiyowezekana ikapata wa kutaja mipaka. Faili lililofungwa likapata mwingine, maana hapo namba haina hatia. Ni faili lisilopokea tena. Zile gramu mia tisa ndizo zilizomkalisha muda mrefu. Hazikuwa kosa la mtu yeyote. Aliwapigia simu madaktari, akashusha kikomo, akaweka swali tu: "Uzito huu ni mdogo sana. Una uhakika?"

Wifi yake alipoujaribu mfumo, aliandika sifuri makusudi, akasoma jibu polepole.

"Sasa angalau unaongea na mtu," alisema.

"Na mtoto?"

"Ameanza kunyonya, kidogo kidogo. Mama yake hataki hata kwenda kuoga."