Ukuta wa Matundu wa Unyasimbi

4.

Usizitafute namba moja, mbili na tatu. Nimezipeperusha mimi. Zilikuwa hotuba za ufunguzi tu, na hata waliokaa jukwaani walishaanza kupiga miayo.

Mimi ni upepo wa Unyasimbi. Kila siku jua likishapanda natoka mashariki, nakatiza mashamba ya alizeti, naingia kwenye uwanja wa besiboli. Hapo ndipo ninapogombana na watu.

5. TANGAZO

HALMASHAURI YA MJI WA UNYASIMBI

Kwa kuwa mechi mbili zilizopita za besiboli zilivunjwa kwa sababu ya upepo; na kwa kuwa wafanyabiashara wa mifugo wameliomba eneo hilo kwa ajili ya mnada; wananchi wote mnatangaziwa kwamba, endapo mechi ya Jumamosi nayo itavunjika, ukuta utabomolewa na uwanja utakabidhiwa kwa mnada.

Mnaombwa kuwa watulivu.

*Na upepo pia.*

(Mstari wa mwisho umeandikwa kwa mkaa. Aliyeuandika hajulikani.)

6. Jumamosi. Mtangazaji Gwau ameshika kipaza sauti

"Haloo, haloo! Ndugu zangu mliozoea kandanda, naeleza tena, na leo msininunie. Yule wa katikati ni mrushaji. Anarusha mpira. Mwenye rungu ni mpigaji. Anapiga, anakimbia, anazunguka vituo, anarudi alipoanzia, mnapata pointi. Mpira ukiruka juu ya ule ukuta wa mwisho, hakuna tena wa kumkimbiza. Anazunguka kwa maringo kama bibi harusi. Hapa Unyasimbi jambo hilo halijawahi kutokea. Ndiyo mama, halijawahi. Sasa unacheka nini?"

7. Mwamuzi Njiku anamuuliza Editruda Ntandu, mhandisi aliyeuchora uwanja

— Mpigaji ulimwelekeza kwenye upepo makusudi?

— Makusudi. Jioni jua liko magharibi. Nikimgeuza, mpira unamjia na jua liko machoni. Atang'oka meno.

— Na jukwaa?

— Mgeni rasmi naye hapendi jua. Jukwaa liko nyuma ya mpigaji. Wote wawili wamelipa jua kisogo.

— Basi ungejenga ukuta mzito, upepo ukome.

— Hapo ndipo kila mtu anapokosea, mzee wangu. Upepo ukikuta ukuta mzito haurudi kwao. Unapanda, unaruka, unaangukia ndani na kuzunguka kama uji unaokorogwa. Ila ukiuachia matundu, unapita kidogo kidogo, na ukitokea upande wa pili umeshachoka. Nilijenga ukuta wa matundu.

— Mbona mechi zimevunjika?

— Sijui. Nilikuwa Dodoma kikazi, leo ndiyo nimerudi. Wallahi sijui, na usingizi sipati.

8.

Ninayejua ni mimi, lakini nani anauliza upepo?

Ukuta ulipokamilika nilikuja kuujaribu. Nilipenda. Nilipita huku napiga mluzi. Nikajiambia, hawa watu tutaelewana. Siku ya mechi nikaja na adabu zangu zote, nikakuta

m a t u n d u

hayapo.

Wewe ungefanyaje? Nikaruka.

9. Nyuma ya ukuta, kabla ya mechi

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda! Huko Dodoma hawali?"

"Shangazi, nani ameziba haya matundu?"

"Mimi."

Shangazi Nyamweru ndiye mkusanya viingilio getini. Alisema neno hilo kwa fahari, mikono kiunoni.

"Mimi niko getini nakusanya viingilio, kumbe mji mzima umebandika macho huku nyuma, wanatazama bure! Nikasema, mtoto wa kaka yangu amesahau kumalizia ukuta, acha nimstiri. Nikakanda udongo na majivu, nikaziba moja moja. Angalia nilivyolainisha. Watu wangesema umeishiwa tofali."

"Ulinistiri, shangazi."

"Si ndiyo!"

Editruda alitaka kucheka. Akaketi chini palepale kwenye vumbi, akalia, na shangazi akamshika bega bila kuelewa kosa liko wapi. Alipoelezwa aliupapasa ule udongo alioulainisha. Kisha akasema, "Nipe kitu cha kutobolea."

10. Orodha ya vitu vilivyotumika kuzibua

Mpini wa jembe (wa shangazi).

Marungu ya timu zote mbili.

Mwiko wa muuza chipsi, ambaye bado anaudai.

Kidole cha Gwau, kikakwama.

Fimbo ya mfanyabiashara mmoja wa mifugo. Hakuna aliyemwomba. Alisema hapendi kuona mtoto wa mwenzake analia.

11.

Nikapita.

Kwa adabu.

Mpira ukirushwa ulikwenda ulikotumwa. Vumbi lilikaa chini. Mwamuzi Njiku aliachia kofia yake aliyokuwa ameishikilia kichwani, akanong'ona, "Kumbe."

12. Sauti kutoka nje ya ukuta

— Sogea nami nione.

— Tundu langu hili! Nimelizibua mwenyewe.

— Yule anayejiandaa kupiga ni nani?

— Nyankamba. Si yule aliyekuwa hashikiki kwenye mchezo wa rede utotoni?

— Eti timu zimelingana?

— Zimelingana. Huyu ndiye wa mwisho. Akiuvusha ukuta, mechi imekwisha na tumeshinda.

— Na asipouvusha?

— Wanaongeza muda. Na jioni upepo ndio unakua.

— Hee! Umekua sasa hivi. Mbona umerudi?

13.

Kofia ya mwamuzi iliruka hadi jukwaani, ikatua kwa mgeni rasmi. Mrushaji wa wageni alirusha, mpira ukapinda njiani ukampita Nyankamba puani, rungu lake likiwa bado begani. Hakuumia. Mwamuzi akainua mkono.

"Likija jingine kama hili, navunja."

Editruda alitazama ukuta. Kila tundu lilikuwa na uso. Mashavu, ndevu, ncha za vilemba, watoto wamebebwa ili nao wapate. Wameziba yote, kutoka pembe hadi pembe, na wanashangilia.

14. Gwau, sauti imeshuka

"Ndugu zangu mlio nje. Leo sitawatania. Upepo unapita hapo mlipoweka sura zenu. Mkiendelea kuona, hakutakuwa na kitu cha kuona. Naomba mrudi nyuma. Najua ninachoomba. Najua mmesimama tangu asubuhi. Nawaomba."

Hakuna aliyesogea.

Ungesogea wewe? Sema kweli. Uko palepale, umepata tundu zuri, Nyankamba ameinua rungu.

15.

Kwenye tundu la pembeni kabisa alikuwapo Shangazi Nyamweru. Geti alikuwa ameliacha wazi. Katika mechi zote hakuwahi kuona mpira hata mmoja ukipigwa, kwa sababu alikuwa anahangaika na viingilio na wanaochungulia. Leo ndiyo alikuwa ameanza kuelewa, na alikuwa akiguna kwa raha.

"Jamani," akasema, jicho bado liko ndani. "Mara ya kwanza niliyaziba mimi. Acheni nianze mimi."

Akarudi nyuma.

Kidogo kidogo nyuso zikabanduka. Mmoja. Mwingine, analalamika. Baba aliyebeba mtoto. Kisha wote, hadi ukingo wa alizeti, wakabaki wanatazama ukuta tupu, na kila tundu likaonyesha mwanga.

16.

"Mchezo uendelee," akasema mwamuzi.

Editruda hakuweza kutazama. Aliziba macho kwa viganja, kisha akaachanisha vidole.

17. Nje

*TAAA!*

— Nini hicho?

— Amepiga!

— Umekwenda wapi?

— Nitajuaje? Gwau! Gwau, sema basi!

"Unapanda, ndugu zangu," kipaza sauti kikakoroma, "unapanda, bado unapanda, unakuja huko, una"

Gwau alikuwa amesahau kuongea.

Nje hakuna aliyerudi kwenye tundu. Walisimama wameinua nyuso, wanatazama ukingo wa juu wa ukuta na anga lililokuwa nyuma yake. Shangazi Nyamweru alikunjua khanga yake, akaishika pembe mbili, akaitandaza mbele yake na kusogea kushoto kidogo. Halafu kulia.

18.

Nilikuwa njiani. Nilishafika kwenye alizeti, na jioni ile nilikuwa na nguvu zangu zote. Nikamwona yule mama na khanga yake. Nikauona na mpira.

Nikaupisha. Kwa adabu.