Tundu Kifuani mwa Kanzu

"Mama, nani alikuambia uishone?"

Padre mchunguzi aliuliza kwa upole. Mama alivuta kiti akakaa. Juu ya meza yetu ya kukatia vitambaa ilitandazwa kanzu nyeupe ya padre mmisionari aliyeuawa miaka thelathini na minane iliyopita. Kanisa lilikuwa linachunguza kama kweli alikufa shahidi. Pale kifuani palipotakiwa kuwa na tundu palikuwa pamezibwa, uzi kwa uzi. Hata mimi, fundi niliyefundwa na mama huyohuyo, ilibidi nipapase ndipo nipaone.

Siku alipouawa nilikuwa na miaka tisa. Askari walikuja asubuhi kuwasaka watu waliokimbilia misheni, sisi tukiwemo. Padre alitufungia darasani, yeye akabaki nje. Tulimsikia akisema "Hapana" mara tatu, kwa lafudhi yake ile tuliyozoea kuicheka. Kisha mlio mmoja. Wale askari wakaondoka bila kuugusa mlango, na mpaka leo sijui ni aibu au woga. Jioni redio ikatangaza kwamba alipigwa mgongoni akitoroka. Nani angebisha? Hakuna aliyeona.

Mama alipopewa mwili auoshe, alifanya alilolijua. Aliifua kanzu, akaishona, ili azikwe nayo. Lakini askofu akaleta mavazi ya misa, na kanzu ikabaki sandukuni mwetu.

"Tundu lililozibwa linaweza kuwa hata la msumari," mchunguzi alisema, akifunika kalamu yake.

"Nimemponza," mama alininong'oneza. "Ushahidi wake nimeufua kwa mikono yangu."

Niliishi kwa sababu ya mtu yule, na sasa aitwe mtoro milele?

"Mama, kingo ulizikata?"

Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Nitie mkasi kwenye nguo ya mtu? Nilizikunja kwa ndani, kama nilivyokufundisha."

Alivaa miwani, akachukua wembe, akaanza kufumua. Kingo zikajitokeza moja baada ya nyingine, zimeungua, kahawia. Sabuni ilikuwa imetoa damu, lakini alama ya moto wa risasi haifuliki. Mchunguzi aliuinua mgongo wa kanzu kwenye mwanga wa dirisha, akaukagua kwa muda mrefu. Ulikuwa mzima, bila hata alama ya sindano.

"Alikuwa amewaelekea," alisema, akaifunua kalamu.

"Mimi nilijua," mama akasema. "Yule akimbie? Hata mvua ilikuwa inamnyeshea akitembea taratibu!" Alicheka huku machozi yakimtoka, nami nikajivunia kuwa mtoto wake kuliko siku yoyote.

Kwa mazoea nilimtungia uzi kwenye sindano. Aliusukuma mkono wangu pembeni. Akaikunja kanzu, tundu likiwa juu, akamkabidhi mchunguzi kwa mikono miwili.

"Nenda nayo hivyohivyo," alisema. "Waione."