Saa Iliyobaki Ng'ambo ya Daraja

Mtu akivuka daraja la Lhubiriha kutoka Kongo kuingia Bwera, Uganda, mimi humpa mambo manne kabla hajatua mzigo. Usimpe mtu begi akubebee, hata akikuita dada. Patana bei ya boda ukiwa bado umesimama, maana ukishakaa umeshakubali. Ukivuka barabara tazama kulia kwanza, huku kwetu magari yanakuja upande huo. La nne, sogeza saa yako mbele lisaa lizima, kwa sababu Kongo wako nyuma yetu. Simu usiiamini, hapa mpakani inashika mnara inaoupenda yenyewe.

Haya sikuyasoma mahali. La kwanza nililipia siku niliyoshuka kutoka milimani Mahango kuanza maisha Kasese. Mwizi aliondoka na begi lenye kiatu changu cha kushoto, mimi nikabaki na cha kulia. Kwa miaka miwili nilikuwa natazama watu miguu.

Sasa nauza chakula Bwera, na wageni wananiuliza mimi kabla ya kuuliza polisi. Ndiyo maana naona haya kidogo kusimulia habari ya Aimée.

Aimée ni mshonaji wa Butembo. Alikuwa na wiki mbili tu Kasindi, ng'ambo ya mto, kwa shangazi yake, akishonea cherehani ya kuazima. Siku ya soko alikuja kula kwangu amevaa gauni ambalo kola yake ilinifanya niunguze maharage. Nikamwambia: Kasese, kwenye kambi ya jeshi, wake wa askari wana karakana ya ushonaji na wanatafuta mwalimu. Jumatano saa nne asubuhi mafundi watajaribiwa. Atakayeshinda anapata kazi na chumba.

"Chumba?" akauliza.

"Chenye mlango."

Akaweka kijiko chini. Kwa shangazi yake walikuwa wanalala tisa.

Jumanne nilimpigia simu. Nilivyo mtu wa maneno, nikamtania kuhusu usingizi wa Wakongo, nikamtania kuhusu shangazi, nikamwambia aje darajani saa mbili. Nikakata simu nimeridhika na nafsi yangu.

Jumatano saa mbili nikawa darajani. Saa mbili na nusu, hayupo. Simu haipatikani. Saa tatu kamili ndipo akatokea, hana haraka, mkasi wake umefungwa kwenye kitambaa kama mtoto mchanga.

"Yaya Ithungu, niko nakuya saa yenye ulisema," akaniambia, kwao yaya ni dada mkubwa, akanionyesha montre, saa yake ya mkononi. "Saa mbili."

"Hapa ni saa tatu, mdogo wangu."

Akacheka. Alidhani ni utani wangu wa kila siku. Alipoona mimi sicheki, akaangalia tena ile montre.

"Lakini haukuniambia."

Kweli. Hata wauza kuku nawaambia, na yeye sikumwambia.

Ng'ambo ya barabara Thembo, dereva wa pikapu, alikuwa ameegemea mlango wa gari lake. Aimée akatazama kushoto, akashuka kwenye lami. Nikamvuta mkono wa blauzi. Boda iliyobeba godoro ikapita palipokuwa pua yake.

"Na hiyo pia haukuniambia," akasema.

"Hiyo nakuambia sasa. Thembo, unaenda Kasese?"

"Kuchukua simenti. Nangoja chai kwanza."

"Chai utakunywa kwangu wiki nzima. Washa gari."

"Na chapati."

"Na chapati. Washa, wewe."

Tukapita mji wa Kisinga. Kisha nikaanza kumfundisha, maana kufundisha ndiko ninakojua. Getini simu inabaki kwa askari. Usipige picha hata ya paka. Salimia, taja uliyemfuata, nyamaza. Sajenti anayesimamia karakana ni Afande Amoding, mama wa Soroti, na hadithi hazipendi.

"Akiuliza juu ya kuchelewa, nitasema nini?"

"Sema umechelewa. Basi."

Tulifika saa nne na robo. Joto la Kasese lilikuwa limeshakaa kwenye mabati ya karakana. Ndani, Ssali, mshindani wa Aimée, fundi wa Masaka mwenye tepu shingoni, alikuwa ameshakata kitambaa. Afande Amoding akasimama mlangoni.

"Wewe. Saa ngapi sasa?"

"Saa ine na robo, afande. Nimechelewa."

Amoding akangoja hadithi. Haikuja.

"Sababu?"

Aimée akatazama mbele. Angeweza kunitaja, na angekuwa na haki. Hakunitaja. Nikaona bora nivunje ushauri wangu mwenyewe.

"Afande, kosa ni langu. Nilisahau kumwambia saa ya Uganda."

"Wewe Ithungu? Wewe mwalimu ya wageni?"

"Mimi."

Wake wa askari waliokaa kwenye benchi wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta. Niliwaacha, walistahili kucheka.

"Kazi ni blauzi ya huyu," akasema Amoding, akimnyooshea kidole Aryemo, mke wa koplo, Mwacholi mrefu mwenye mabega ya kubeba dunia. "Saa tano, mkasi chini. Hapana ongeza dakika. Ingia."

Zilibaki dakika arobaini na tano. Aimée hakukimbilia cherehani. Akatoa uzi, akamzunguka Aryemo, akapima na kufunga fundo la alama kwenye uzi, akapima tena na kufunga fundo.

"Huyu anataka kunifunga kama mbuzi," Aryemo akasema.

"Mama, inua mikono juu. Kama mutu anatwanga."

Aryemo akainua. Aimée akafunga fundo la mwisho, na dakika kumi zilikuwa zimekwisha. Ssali akamtazama kwa huruma. Mimi nilikuwa nje ya dirisha, nimeshika nondo zake, nimenyamaza, jambo ambalo Bwera wangelipia kuliona. Kisha cherehani ya Aimée ikaanza kulia na haikupumzika.

Saa tano, mikasi chini. Blauzi ya Ssali ilikuwa na vifungo vyote sita, imenyooka, ya kuvalia harusi. Ya Aimée haikuwa na kifungo hata kimoja; alikuwa ameibana kwa pini.

Amoding akamvika Aryemo ya Ssali. "Inua mikono. Twanga."

Aryemo akatwanga hewa. Mara ya pili blauzi ikapanda mpaka kitovuni, mara ya tatu kwapa likalia, mshono umeachia. Ssali akainamisha kichwa, fundi muungwana.

Aryemo akavikwa ya Aimée. Akatwanga. Akainama kama anayepalilia. Akainua ndoo iliyokuwa konani, yenye maji, mpaka kichwani. Blauzi ikakaa pale pale.

Amoding akageuza mshono wa kwapa nje, akaupitishia kidole mwanzo hadi mwisho.

"Nani alikufundisha?"

"Mama yangu, afande. Butembo. Wateja yake beko balimaji."

"Hawa wangu pia wanalima." Akavuta funguo mfukoni, akachagua mmoja. "Chumba iko nyuma ya karakana. Kitasa inagoma, sukuma na bega."

Aimée aliupokea kwa mikono miwili. Nilikuwa nimevimba kifua pale dirishani kana kwamba niliushona ule mshono mimi.

Aryemo aliombwa avue blauzi iwekwe vifungo. Akasema vifungo vitamkuta nyumbani, akatoka nayo na pini zake, ndoo kichwani, akipitia njia ndefu inayozunguka kambi yote.