Finjani ya Dereva Makhluf

"Kwetu hakai," alisema Daktari Gonen, kiongozi wa wajumbe wa Israeli. "Viti vya upande huu ni vya wajumbe. Marehemu si mjumbe."

"Na kwetu akae kwa msingi gani?" alijibu Daktari Munther, kiongozi wa Wapalestina. "Ni marehemu wenu. Tangu Jumapili mnamtangaza redioni, leo amekuja mwenyewe mnamkimbia?"

"Hatumkimbii. Tunamheshimu."

"Basi mheshimuni kwa kumpa kiti."

Marehemu mwenyewe, Makhluf Abutbul, dereva wa basi, alikuwa amesimama mlangoni kofia mkononi, akingoja wamalize. Alikufa Jumapili asubuhi, bomu lilipolipuka ndani ya basi lake, na shati lake la kazi bado lilinuka moshi. Hakuwa na haraka. Dereva wa Yerusalemu amezoea kusubiri watu wagombee viti.

Nyuma yake alisimama Sabri, mwokaji wa mikate ya ufuta, aliyeuawa Jumatatu na kombora la kulipiza lililokuwa likimtafuta mtu mwingine. Mikono yake ilikuwa na unga hadi kwenye viwiko. Naye hakuwa na kiti. Ugomvi wake ulikuwa unangoja zamu: wa Makhluf ukiisha, wa kwake ungeanza kwa maneno yaleyale, ila Waisraeli wangesema ya Wapalestina na Wapalestina ya Waisraeli.

Bwana Torkel, mpatanishi kutoka nchi ya theluji, alipendekeza marehemu wawekwe kwenye kona za meza, maana kona haina upande. Wasaidizi wake walikagua ramani ya meza. Kona zilikuwa zimeshagawanywa tangu majira ya baridi.

"Jamani, watu wamesimama," alisema Hiyam, mwenye hoteli, akipita na sinia. Alivuta viti viwili kutoka jikoni, akavitua karibu na mlango wa jikoni. "Kaeni hapa. Hapa ni kwangu."

Wakakaa.

Hoteli ya Hiyam na mumewe Jiries ilikuwa kilimani Beit Jala, kando ya barabara ambayo pande zote mbili ziliweza kuifikia bila kuombana ruhusa. Kwa sababu hiyo mazungumzo ya amani yalifanyika hapo tangu Hiyam alipokuwa na mimba ya Nardin. Sasa Nardin alikuwa na miaka tisa, na figo zake zilikuwa zimegoma kufanya kazi. Mashine ya kumsafisha damu ilikuwa hospitalini Yerusalemu, si mbali kwa gari, lakini katikati palikuwa na lango la ukaguzi la askari wa Israeli, na lango lilifungwa Jumapili, kwa usalama.

Kifungu cha saba cha makubaliano kilisema wagonjwa wapite hata lango likifungwa. Pande zote zilikuwa zimeshakikubali. Ilibaki saini tu, na saini ilipangwa kuwekwa Jumanne hiyo, baada ya kahawa. Nardin alikuwa amelala ghorofani, uso umemvimba, mkoba wake uko tayari miguuni. Siku yake ya mashine ilikuwa jana.

Halafu kulikuwa na simu. Kila kikao, mtu mmoja mwenye sauti ya adabu alipiga simu mapokezi kuuliza mazungumzo yanaendeleaje. Akiambiwa vibaya, alishukuru akakata. Akiambiwa vizuri, aliuliza mabasi ya asubuhi huanza saa ngapi. Mpiga simu wa pili alikuwa wa lugha ya upande wa pili, mwenye adabu vilevile. Huyo akiambiwa vizuri, aliuliza watu hutoka msikitini saa ngapi. Wawili hao hawakuwahi kuonana, lakini walitumia kalenda moja.

Jiries aliwajibu wote ukweli, kwa kuwa baba yake alimfundisha kwamba hoteli yenye jina haimdanganyi mtu anayeuliza kwa heshima. Wajumbe walijua habari hiyo. Serikali zote mbili zilijua pia, na zilikuwa zimemwomba Jiries aiweke simu mbali na friji ili zisikilize bila kelele. Alhamisi iliyopita mazungumzo yalikwenda vizuri sana.

Makhluf alipoona wajumbe wametulia, alinyanyuka kwenye kiti cha jikoni. Aliongea Kiarabu cha mama yake, cha Meknes huko Moroko, ambacho wote walikielewa na wote walikicheka kidogo.

"Samahanini. Nimesikia mnataka kuvunja kikao kwa ajili yangu. Nimekuja kuwaomba msivunje."

Daktari Gonen alitikisa kichwa, na huzuni yake ilikuwa ya kweli. "Bwana Abutbul, hatuwezi kutia saini na damu yako bado mbichi. Itakuwa tumekudharau."

"Mimi nakwambia hamjanidharau."

"Hayo ni maoni yako binafsi. Sisi tunasema kwa niaba yako."

"Na mimi?" aliuliza Sabri. "Mimi naona tieni saini wagonjwa wapite, mkalale."

"Ami Sabri, Mungu akurehemu," alisema Daktari Munther kwa upole, "wewe ni shahidi uliyeifia nchi. Damu ya shahidi haiuzwi kwa lango."

"Shahidi wapi, mwanangu? Nilikuwa natoa mikate tanurini. Hata mlango wa tanuri sikuufunga."

"Unyenyekevu huo ndio unaotufanya tusimame imara."

Makhluf aliigeuzageuza kofia yake. "Maisha yangu yote nimeendesha basi," alisema. "Sijawahi kuziba njia. Tairi likipasuka, nasogea pembeni wenzangu wapite. Leo nimekufa, ndipo mnanilaza katikati ya barabara?"

Makatibu wa pande zote waliandika kwamba marehemu aliongea maneno ya kugusa moyo. Bwana Torkel akapendekeza dakika moja ya ukimya. Watu wote walisimama. Makhluf na Sabri nao waliombwa wasimame, wakasimama, wakajinyamazia. Kisha mazungumzo yaliahirishwa mpaka itakapotangazwa tena. Mwaka huo halikuwa limepita azimio jingine bila kupingwa.

Hiyam alikuwa jikoni, amesikia yote. Alibeba dele na finjani kama alivyofanya kila kikao, akamimina kahawa chungu ya iliki, kidogokidogo, kuanzia kulia. Wajumbe walikunywa kwa mkupuo. Alipofika kwa marehemu akawamiminia na wao.

Makhluf aliipokea finjani yake kwa mkono wa kulia, akaiweka chini mbele yake bila kuigusa kwa mdomo. Sabri akaweka ya kwake pembeni.

Ukumbi ulinyamaza kuliko ulivyonyamaza kwenye ile dakika. Kila aliyekuwemo, Myahudi na Mwarabu, alijua mgeni akitua kahawa hivyo maana yake nini. Ana ombi. Hanywi mpaka mwenye nyumba amjibu, na nyumba ambayo kahawa ya mgeni imepoa bila jibu haina uso tena mbele za watu. Hata Bwana Torkel alifundishwa jambo hilo kabla hajapanda ndege.

"Ombi langu ni lango," alisema Makhluf. "Mtoto aliyelala juu apite. Mwenye nyumba anijibu, ndipo ninywe."

Madaktari wawili walitazamana.

Kifungu cha kwanza cha makubaliano, kile kilichokwama tangu siku ya kwanza, kilihusu nani mwenyeji wa nchi hiyo. Kwa ajili yake pande zote zilikuwa zimeleta hotelini masanduku ya ramani, vigae, sarafu za kale, na funguo za nyumba za mababu. Masanduku yalijaa stoo hadi Hiyam hakuwa na pa kuweka viazi.

Daktari Gonen alikohoa. "Mwenyeji hapa ni wao," alisema. "Sisi ni wageni tu."

"Wageni?" Daktari Munther aliruka. "Hasha! Wageni ni sisi. Nyinyi ndio wenye lango, wenye barabara, wenye anga. Sisi hata kivuli chetu kinatembea na kibali."

"Lakini nyinyi mko hapa tangu zamani."

"Tangu zamani? Nyinyi si mlikuwa mnasema tangu manabii?"

"Manabii nao walikuwa wapitaji."

Bwana Torkel alishika kalamu haraka. Ilikuwa mara ya kwanza pande zote mbili kusema jambo lilelile juu ya kifungu cha kwanza, akaomba warudie polepole. Walikataa.

Mvuke wa finjani ulikuwa unapungua.

"Basi," alisema Hiyam. Alitua dele mezani kwa kishindo. "Wageni ni nyinyi nyote. Mwenye nyumba ni mimi. Makhluf, kunywa. Sabri, kunywa kaka yangu. Mtoto anapita."

Wakanywa.

"Mama Nardin," alisema Jiries kutoka mapokezi, "umeahidi nini sasa?"

"Nimeshaahidi. Lete ufunguo wa gari."

Makhluf aliendesha, kwa kuwa njia aliijua, na Hiyam akakaa kando yake. Sabri alikaa nyuma na Nardin, akamlaza kichwa begani, na nywele za mtoto zikashika unga. Langoni palikuwa pametundikwa picha kubwa ya Makhluf, mishumaa chini yake. Askari kijana aliitazama picha, akamtazama dereva, akavua kofia ya chuma.

"Pole sana, bwana. Mama yangu alikuwa anapanda basi lako. Siku ile alichelewa."

"Yule wa mikoba miwili? Kila siku huchelewa. Msalimie. Sasa fungua, mwanangu, nina mgonjwa."

"Siwezi, baba. Pamefungwa kwa heshima yako."

"Si ndiye mimi hapa? Nakuruhusu."

"Nakuona. Nimeambiwa wewe si wa kuamua." Kijana alimulika ndani ya gari. "Wewe pita. Na huyo mzee wa unga naye apite, wafu hawahitaji kibali. Mama na mtoto ndio warudi."

Nardin alifumbua macho. "Mama, mbona hao wanapita?"

"Kwa sababu wamekufa."

"Kufa kunachukua muda gani?"

Hiyam alishuka, akazunguka gari, akafungua mlango wa dereva. "Sogea," alimwambia Makhluf. Makhluf akasogea. Hiyam akageuza gari palepale, mbele ya mishumaa, na marehemu wote wawili wakarudi naye, kwa maana hawakuona sababu ya kupita.

Aliwakuta wajumbe wakila chakula cha jioni ukumbini na kutunga tamko la pamoja la rambirambi. Walikuwa wamekwama kwenye neno "wapendwa": kila upande ulikubali litumike mara moja tu, na kila upande ulitaka litumike kwa marehemu wake. Kwenye tamko hilo lango halikutajwa.

Hiyam aliuvuta mlango wa ukumbi, akaufunga kwa ufunguo, akautia ufunguo katika mfuko wa aproni.

Mlango ukagongwa. "Mama!" Ilikuwa sauti ya Daktari Gonen. "Umetufungia!"

"Nimefunga. Kwa heshima ya marehemu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kifungu cha saba."

"Huu ni utekaji nyara!" alipiga kelele Daktari Munther, na Daktari Gonen alisikika akimuunga mkono.

Walinzi wa pande zote mbili walikuja mbio. Walisoma maagizo yao wakaona yanahusu watu wanaotaka kuingia. Juu ya wanaotaka kutoka hapakuwa na neno, kwa hiyo kila upande uliwaachia wenzao, wote wakaenda kuvuta sigara uani. Makhluf na Sabri walileta viti vyao vya jikoni, wakakaa mlangoni.

Ndani walipiga kelele, kisha walichoka, kisha mtu aliuliza kalamu iko wapi. Viti vilivutwa. Daktari Munther alisema jambo ambalo halikusikika vizuri, na Daktari Gonen akacheka, kicheko cha mtu ambaye hakutaka kucheka. Jiries aliweka sikio mlangoni.

"Wanasoma," alinong'ona. "Mama Nardin, wanakisoma! Mambo yanakwenda vizuri."

Simu ya mapokezi ikalia.

Jiries alinyoosha mkono kwa mazoea. Hiyam alifika kabla yake.

"Habari za jioni, mama," ilisema ile sauti ya adabu. "Samahani kwa usumbufu. Mazungumzo yanaendeleaje?"

Nyuma ya mlango Bwana Torkel alikuwa akisoma kifungu cha saba kwa sauti, neno kwa neno, na hakuna aliyemkatiza. Jiries alimtazama mkewe kama mtu anayeona jina la baba yake likifutwa ukutani.

"Vibaya," alisema Hiyam. "Vibaya sana. Hata kusalimiana hawasalimiani."

"Ah. Asante sana, mama." Simu ikakatwa.

Kutoka ghorofani Nardin aliita, akauliza kama lango limefunguliwa.

"Bado," alisema Makhluf.

Hiyam hakuondoka. Alibaki amesimama pale mapokezi, mkono juu ya simu, akingoja yule wa pili apige.