Eti Asiyejulikana

...asiyejulikana, eti "mshonaji asiyejulikana", ndivyo alivyonisomea mjukuu wangu kwenye simu, tena kwa madaha, kama anayenipa zawadi, bibi, tandiko lako la viraka liko ukutani kwenye maonyesho, wamelitundika juu, limemulikwa taa, na chini yake kuna kibao, nikamwambia soma, akasoma, nikamwambia rudia, akarudia, na laiti kichwa changu kisingekuwa katikati ya magoti ya huyu mkamwana wangu anayenisuka ningesimama nikaipa simu maneno ambayo simu haijawahi kusikia, tulia mama, ananiambia, ukitikisika mstari unapinda, upinde tu, si vilivyopinda ndivyo vinavyotundikwa siku hizi... asiyejulikana ni mwizi aliyeruka ukuta, asiyejulikana ni maiti iliyookotwa njiani, mimi nina watoto, nina wajukuu, nina maadui wanaonijua hata nikikohoa gizani, sijulikani na nani mimi? Bibi unanisikia, inasema simu pale sakafuni karibu na chanuo, huku watu wanalipenda, kuna mzee alisimama mbele yake mpaka wakamwambia tunafunga... nasikia, nasikia sana, huyu mtoto kazi yake kuzunguka dunia, leo mji huu, kesho mji ule, nilimuuliza unapanda ndege kwenda kuangalia nini, akasema viti, bibi, na majengo, na kuta zilizochorwa, na namna watu wanavyopanga miji yao, nikamwambia kigoda changu hiki hapa, kiangalie bure, tukacheka, na siku ileile akaniomba tandiko, nikampa, nilidhani anaenda kujifunika, wanasema huko kuna baridi, kumbe anaenda kuufunika ukuta. Wanapenda nini hasa, nikamuuliza, akasema pale katikati, bibi, pale viraka vya huku vimenyooka na vya kule vimelala upande halafu vinagongana, wataalamu wanasema mshonaji alikuwa jasiri, alivunja mpangilio makusudi... makusudi! Mkamwana akacheka mpaka chanuo likamponyoka, maana hata yeye aliyeolewa juzi anajua kwamba ule si ujasiri, ule ni ugomvi, mama yetu alipofariki aliacha cherehani ya miguu, dada yangu akachukua kichwa cha cherehani, mimi nikachukua meza na kanyagio, kila mtu akaiweka nusu yake sebuleni akaifunika kitambaa, hakuna aliyeshona, hakuna aliyeachia, na mwanangu alipotaka kuoa, baba yake huyu wa kwenye simu, shangazi yetu akatuita akasema, nyinyi wawili mtamshonea tandiko moja, kwa mkono, mmoja aanzie huku, mwingine aanzie kule, asiyeshona asinikanyagie harusini, basi tukashona, kila mtu nyumbani kwake, tandiko linabebwa na shangazi mwenyewe kichwani, kwenda na kurudi, anatutukana njia nzima, mimi nanyoosha, dada analaza, namwambia shangazi kamwambie anyooshe, shangazi anarudi, amesema unyooshe roho yako kwanza, mpaka tulipokutana katikati ikabaki nafasi ya kiganja, kiraka changu hakiingii, chake hakiingii, dada akachukua kitambaa cha kichwa cha marehemu mama, akakikata, akapaziba, sikuulizwa, nilivimba kama chura, lakini kilienea, Mungu anisamehe, kilienea kama kilizaliwa pale... tulia mama... nimetulia! Na wewe mtoto wa kwenye simu, hadithi hii umeinyonya na maziwa, sasa hao walioandika kibao walimuuliza nani? Simu inakwaruza. Waliniuliza mimi, bibi, anasema, sauti imekuwa ndogo kama ilivyokuwa kila alipovunja vikombe vyangu, niliogopa, ningekutaja wewe, upande wa bibi wa kule, dada yako, wangenijia juu, ningemtaja bibi wa kule, wewe ungeninunia mpaka kaburini, ningewataja wote, mngegombania nani katangulia, basi nikasema hajulikani, nikajua nimeleta amani... amani, nani alimtuma amani, ugomvi huu nimeutunza kwa mikono yangu, najua nani alisema nini, kwenye mlango upi, kavaa nini, na watu hawagombani hivyo ila wawe wanajuana, asiyekujua atakununia kwa lipi, anakupita tu kama mti, na mimi neno lilikuwa limefika mdomoni, andika langu, langu peke yake, mshonaji ni mimi, hapo hapo nikamwona dada amesimama mbele ya ukuta ule na mwanya wake wa meno, hajui kusoma kama mimi nisivyojua, anauliza wameandika nini hapa, anaambiwa, na mkono wake ule uliokata kitambaa cha mama unaambiwa haukuwepo, nikapandwa na hasira nyingine, si ile ya kwanza, hii ilikuwa ya kwake, nani kampa mtu ruhusa ya kumfuta dada yangu, kumfuta dada yangu ni kazi yangu mimi, na hata mimi miaka yote hii nimeshindwa... bibi, nitawaambia wabadilishe, inasema simu, kesho asubuhi wanachapa kibao upya, lakini niambie nianze na nani... huyo sikumjibu, nimemwambia huyu anayenivuta nywele, wewe, ukishamaliza kichwa hiki pita kwa dada yangu, mimi simsemeshi, unajua simsemeshi, lakini wewe mwambie, tena mwambie kama nilivyosema, usipunguze chumvi, mwambie wametuzika kaburi moja bila majina, aje, aje leo hii kabla jua halijazama, tugombane nani atangulie.